Simu Zote Zilikuwa Sufuriani

Falonne, rafiki yangu wa mtaa wa La Rochelle, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, ujumbe ulipoingia: data ya nyumba inakaribia kwisha, na kesho binti yake Arlène ana mtihani mtandaoni. Alikasirika. Mumewe Gustave alishaweka proksi kwenye seva yao ya picha, kisanduku kilichokaa sebuleni, ili ukurasa uliofunguliwa na mmoja uhifadhiwe humo na wengine wausome bila kula data. Mtu akifungua kitu, kisanduku hicho kilikwaruza: krr.

“Arlène, ni wewe!”

“Eish, Mama, si mimi.”

“Basi ni shetani anayeangalia video? Data ikiisha, simu hiyo huioni tena.”

“Wala si majirani,” alisema Gustave. “Nenosiri nimelibadilisha leo.”

Falonne alizima simu zote, maana nyumbani hapakuwa na kifaa kingine cha kuingilia mtandaoni, akazitia kwenye sufuria, akafunika. Mara umeme ukakatika. Kisanduku kikabaki kikifanya kazi kwa betri yake. Akapakua bukari, ugali wao, gizani, wakashikana mikono kwa sala: Gustave, Arlène, Pitchou kitindamimba, na yeye mwenyewe. Wote walikuwepo.

Nyuma yao kisanduku kikakwaruza, krr. Kikanyamaza kwa muda wa mtu kusoma, halafu kikakwaruza tena.