Jiwe la Sajini Ochoki

Ijumaa hiyo mvua ilikatika jua likielekea kuzama. Mama alinipa turubai na kamba, akaniambia niende nikalifunike jiwe kabla Sabato haijaingia.

"Mwalimu Machogu amesema watu wasilione hadi Jumapili," alisema. "Funika, urudi tuimbe."

Jiwe lilikuwa limeletwa mchana kwa lori kutoka machimbo ya Tabaka. Lilisimamishwa kwenye njia panda ya kwetu, pale barabara mpya ya lami inapopita chini ya mashamba ya chai kuelekea Kebirigo. Barabara hiyo ilikuwa ipewe jina la kuwaheshimu askari waliojeruhiwa vitani. Hapa kwetu aliyejeruhiwa ni ndugu yangu mdogo, Sajini Zachariah Ochoki, aliyeacha mguu wake wa kulia Somalia. Mwalimu Machogu, mstaafu anayependa kipaza sauti, ndiye mwenyekiti wa kamati. Nilikuwepo walipokubaliana: jiwe liandikwe "Barabara ya Majeruhi wa Vita". Jina la mtu lisiwepo.

Kwetu Gusii jambo hilo halielezwi, lakini nitalieleza. Mtoto hupewa jina la mtu aliyekufa. Mimi naitwa Nyanchoka kwa ajili ya shangazi wa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa. Katika ukoo wetu mimi ndiye ninayeulizwa nani alichukua jina la nani, na huwa sikosei. Jina la aliye hai haligawiwi. Ukiligawa, umemwambia mwenyewe kwamba nafasi yake imekwisha kupata mtu.

Nilifika kwenye jiwe mwanga ukiwa umebaki kidogo. Nilikunjua turubai. Nikayaona maandishi.

BARABARA YA SAJINI ZACHARIAH OCHOKI.

Herufi zilikuwa mpya, nyeupe, unga wa jiwe ukiwa bado kwenye mikunjo yake. Nilielewa mara moja. Mwalimu Machogu alitaka kutushangaza kwa furaha.

Ndipo niliposikia harufu... mpira unaoungua. Hakuna gari lililokuwa limepita.

"Huyu mmemzika wapi?"

Mtu alikuwa ameketi upande wa pili wa jiwe, amenipa mgongo. Alivaa shati la jeshi. Aliongea Kiswahili, lakini cha kwetu, chenye uzito wa Ekegusii. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa, na buti zake zilikuwa kavu. Zilikuwa na mchanga mweupe, usio wa udongo wetu.

"Hajazikwa," nilisema. "Yuko nyumbani."

Chai ilikuwa ikidondosha maji pande zote.

"Yuko nyumbani," alirudia polepole. "Sasa mbona mmeligawa jina lake?"

"Ni makosa ya kamati."

"Huko tuliko hatuulizi ni makosa ya nani. Jina likigawiwa, mwenyewe anangojwa. Mwambie ajitayarishe."

"Nimwambie nani amesema?"

"Aliyekaa kushoto kwake."

Nililifunika jiwe, nikafunga kamba fundo juu ya fundo. Nilipochungulia upande wa pili hapakuwa na mtu. Palikuwa na mchanga mkavu tu, juu ya saruji iliyolowa.

Nyumbani walikuwa wameanza kuimba. Ochoki alikuwa kwenye kiti chake, mguu wa bandia ameuvua na kuuegemeza ukutani. Nilingoja Mama amalize sala ya kufungua Sabato. Kisha nikasema yote.

Ochoki alicheka.

"Dada, bomu zima lilishindwa. Jiwe la Tabaka ndilo litaniweza?" Kisha akainama kwangu. "Wameandika jina lote? Hata Sajini?"

"Hata Sajini."

Sikuwa nimemwona na uso ule tangu arudi. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaribishwa mezani baada ya kusimama mlangoni miaka mingi.

"Waliokufa walipewa bendera," alisema. "Walipigiwa tarumbeta. Sisi tuliorudi vipande, nani alitupigia hata filimbi? Nikipita sokoni watu wanaangalia suruali, hawaangalii uso. Acheni jina likae."

"Alisema nikuambie ni aliyekaa kushoto kwako."

Kicheko kilimtoka usoni.

"Ronny," alisema. "Ndani ya gari, kushoto kwangu alikuwa Ronny."

Nilimjua Ronny Nyabuto. Tulienda Nyacheki kumzika. Jeneza lilikuwa limefungwa, na mama yake alikatazwa kulifungua.

Mama alikuwa ameshika Biblia magotini. Yeye ni shemasi. Ebirecha, yaani mizimu, haitajwi nyumbani mwetu. Hata hivyo hakunikemea.

"Jina hukataliwa na mwenyewe," alisema chini kwa chini. "Kwa mkono wake. Bibi yangu alisema hivyo. Mwingine akilifuta, haisaidii."

"Basi twende sasa, tindo liko stoo," nilisema.

"Sabato imeingia. Hakuna kugonga mawe hapa."

"Mama, hata ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa."

"Huyu hajatumbukia."

"Mnanigombania kama ng'ombe nami nipo hapa," Ochoki alisema. "Mimi sifuti kitu. Lala, dada."

Asubuhi hakuweza kusimama. Mguu wake mzima ulikuwa umeanza kupoa kuanzia vidoleni. Tuliporudi kutoka kanisani baridi ilikuwa imepita goti. Niliushika... ulikuwa kama chuma kilicholala nje.

"Ajabu," alininong'oneza. "Huu uliopo siusikii. Ule usiokuwepo ndio wenye joto. Na umevaa buti."

Mama aliugusa, akauachilia. Alitoka akasimama uani, macho magharibi. Hakula. Jua lilipogusa kilima, alifanya sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akifanya, akaenda stoo mwenyewe, akarudi na tindo na nyundo.

"Ametumbukia," alisema.

Tulimshika Ochoki, kila mmoja upande wake, yeye na magongo yake. Mguu uliburuzika. Tulipofika njia panda Mama alibaki nyuma kidogo, akifunga na kufungua kitambaa cha kichwa. Nilikata kamba. Turubai lilianguka.

Harufu ile ilikuja.

Alikuwa amesimama kushoto kwa jiwe. Sasa nilimwona uso, na ulikuwa uso wa Ronny, mzima, ila haukuwa na jasho wala pumzi.

"Sajini."

"Ronny." Ochoki alimtazama kuanzia buti hadi kichwani. "Umenenepa. Kwani huko mnapika?"

"Hatupiki. Tunaitwa tu."

Kisha ndugu yangu akanong'ona, "Nilikaa nawe hadi mwisho. Sikukuacha."

"Najua. Ndiyo maana niliomba nije mimi. Mwingine asingekuja na maneno."

Ochoki aligeukia jiwe. Alipitisha kidole kwenye jina lake, herufi kwa herufi, kama mtoto anayejifunza kusoma.

"Wameliandika vizuri," alisema.

"Vizuri sana," Ronny alijibu.

"Nikilifuta, nitakuwa nani hapa? Yule kiwete wa kwa Nyakerario?"

Nyakerario ni mama yetu. Alimsikia. Aliufunika mdomo kwa kile kitambaa.

"Utakuwa hai," nilisema.

Ochoki alinipa gongo moja, akaegemeza bega kwenye jiwe, akagonga. Jiwe la Tabaka ni laini, na tindo liliingia kama kisu kwenye ndizi. Kila herufi iliyoanguka alikohoa, na kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa unga mweupe. Alikohoa jina lake lote. Alipomaliza aliteleza, nikamdaka. Nilishika goti lake.

Lilikuwa na joto.

"Niandike lako?" alimuuliza Ronny, akihema. "Jiwe lisikae uchi."

"Langu amepewa mtoto wa dada yangu. Ana meno mawili. Mimi nilikwisha kurudi nyumbani." Sauti yake ilikuwa ikienda mbali, ingawa hakuwa amesogea. "Jiwe umelifuta, Sajini. Midomo ya watu hujaifuta. Ukiitwa kutoka hapa, usiitike. Hata nani akuite."

"Na nikiitika?"

Hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Jumapili walikuja watu wengi. Kulikuwa na hema, viti vya kukodisha, kwaya mbili. Mwalimu Machogu alivuta turubai, ambalo tulikuwa tumelirudisha usiku, kwa mkono wa mbwembwe, na chini yake pakaonekana BARABARA YA, kisha kovu.

Watu waliguna. Mwalimu alitazama jiwe, akatuona sisi, akatazama jiwe tena. Kisha akainua kipaza sauti.

"Wahuni wanaweza kufuta jiwe! Hawawezi kufuta jina! Hii ni barabara ya Sajini Zachariah Ochoki! Sajini, simama tukuone!"

Vigelegele vilipanda. Wazee walisimama. Mwanamke mmoja alilia kwa sauti akimshukuru kwa mguu wake. Yote aliyoyatamani yalikuwa mbele yake, hatua chache tu, yakimngoja aseme neno moja. Nilimshika kifundo cha mkono. Mishipa ilikuwa ikiruka.

"Sajini Ochoki!"

Aliinamisha kichwa akatazama nyasi.

"Amekuwa na maringo huyu," mtu alisema nyuma yetu.

"Si maringo. Vita vilimharibu kichwa."

"Sajini Zachariah Ochoki!" Mwalimu aliita mara nyingine, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba.

Kutoka nyuma ya umati, mtu aliitika kwa sauti ya gwaride.

"Nipo, afande!"

Vichwa vyote viligeuka. Nyuma ya hema palikuwa na barabara tupu na chai. Baadhi walicheka, wakidhani ni kijana mmoja amefanya mzaha. Ile sauti niliijua, ilikuwa ya Ronny. Ochoki naye aliijua. Alilia bila kutoa sauti hadi kwaya ilipoanza.

Tulidhani yamekwisha.

Lakini magari yalianza kupita, na pale kwenye jiwe pakawa kituo. Kituo kinahitaji jina. Kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia makondakta hupiga kelele pale chini: "Ochoki! Wa Ochoki ashuke! Ochoki!" Nyumba yetu iko karibu. Tunasikia kila mwito.

Nilienda kwa Mwalimu Machogu.

"Nyanchoka," aliniambia, "wewe umefika kidato cha nne. Ebirecha tena? Huyo ndugu yako ameniaibisha mbele ya wageni, nami bado namheshimu. Unataka nifanye nini?"

Nilienda kwa makondakta. Mmoja anayeitwa Lewis alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo wengine hawakufanya.

"Pole, siz," alisema. "Lakini stage ni Ochoki. Tuite nini sasa, Ochoki Junior?" Wenzake walicheka, na siku ile ile nikasikia wawili wakiita hivyo.

Ndugu yangu alianza kuziba masikio kwa pamba. Aliacha kwenda sokoni. Akizungumza nasi husimama katikati ya neno, midomo ameibana, hadi gari liondoke. Ukimwangalia utadhani anasali.

Jumanne iliyopita mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyesha, magharibi. Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Ochoki alikuwa amesinzia kitini, na pamba ya sikio moja ilikuwa imeanguka begani. Niliiona. Niliinuka niirudishe.

Gari lilisimama njia panda.

"Ochoki!"

"Naam," alisema usingizini. Alisema taratibu, kama mtu anayeitwa kula.

Mikono ya Mama ilisimama. Mahindi yaliyokuwa kiganjani yalimwagika.

Gari liliondoka. Mlio wake ulipoisha, tulisikia buti. Ziliacha lami. Ziliingia kwenye njia yetu, kati ya chai, bila haraka. Ochoki alifungua macho.

"Nani ameniita?"

Harufu ya mpira unaoungua ilipita chini ya mlango. Mama alisimama, akasukuma komeo, akauweka mgongo wake mlangoni. Aliongea Ekegusii, kwa sauti anayotumia kuwafukuza wauzaji.

"Mwenye jina hilo hayupo hapa! Hatuna mtu wa jina hilo!"

Buti zilisimama. Tulisubiri. Mvua ilianguka juu ya mabati. Nilitamani kusikia sauti ya Ronny, nikitega sikio kama ninavyotega kwa mtu wa nyumbani.

Sauti iliyokuja haikuwa ya Ronny. Sikuwa nimeisikia kamwe. Ilikuwa ya upole, na ilikuwa karibu sana na mbao.

"Nimekusikia, mama. Na huyo aliyeketi kwenye kiti, anaitwa nani?"

Hakuna aliyejibu. Tangu siku hiyo hatujamwita ndugu yangu kwa jina lolote. Tunamgusa bega tukitaka aje kula.

Kila magharibi, yule wa mlangoni anarudi kuuliza.