Kahawa Isiyo na Chumvi

Milango ya tramu ilikuwa imeshafungwa pale kituo cha Eminönü, jijini Istanbul, abiria wamebanana kama dagaa, Songül alipomwona kwenye kioo kijana anakuja mbio, skafu ya kijivu inapepea, makabrasha kwapani. Kanuni ilimtaka aondoke. Akafungua.

"Mungu akupe maisha marefu, dereva," kijana alisema akihema nje ya dirisha lake, kisha akakodoa macho. "Kumbe dereva ni dada?"

"Tramu haijalalamika. Panda."

Walipofika mwisho wa safari kijana bado alikuwemo, ingawa kituo chake alikipita zamani. Akajitambulisha: Tuncay, mhadhiri msaidizi, anaendesha semina fupi ya wanafunzi wa kigeni kuhusu wanawake na kazi katika jamii ya Kituruki. Je, dada angekuja kuzungumza nao? Songül akakubali na, tusidanganyane, si kwa ajili ya semina.

Siku ya semina alivaa sare yake ya buluu iliyonyooka kwa pasi, na hereni za lulu za marehemu mama yake. Akawasimulia wageni jinsi alivyoanguka mtihani wa udereva mara mbili, na abiria waliokuwa wakishuka kila walipomwona yeye kwenye kiti cha dereva. Tuncay akatafsiri, kisha akaongeza yake: mwanamke akinyimwa kazi, hata mapenzi yake huwa ya kuombaomba. Wanafunzi wakapiga makofi. Songül akapenda hapo hapo, moyo wote, bila kubakiza akiba.

Simu zikaanza.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula mkate wa ufuta."

"Huo si chakula."

"Basi njoo unipikie, mtetezi wa wanawake."

Na kweli, kesho yake akamletea kwenye karakana ya tramu biringanya alizopika mwenyewe, zimeungua upande mmoja. Songül alizila zote.

Machipuko yalipofika, wazazi wa Tuncay wakaja kuposa. Songül, ndani ya gauni la rangi ya komamanga, alikuwa jikoni akichemsha kahawa, kopo la chumvi mkononi. Desturi ni kumtilia mposaji chumvi. Akiinywa bila kukunja uso, ameonyesha kwamba ataweza kustahimili machungu ya ndoa. Asubuhi ile alikuwa amemtania kwa simu kwamba atamtilia vijiko vitatu. Ndipo akamsikia mama yake Tuncay sebuleni, akimtuliza baba yake Songül.

"Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu. Binti sasa atapumzika. Tuncay ametuambia ameshaaga kazini."

Hakuwa ameaga popote. Akasubiri Tuncay akanushe. Akasubiri hadi kahawa ikafura na kumwagikia jiko, na kule sebuleni aliyesikika ni baba yake tu akikohoa, baba yuleyule aliyekuwa akimsindikiza karakana alfajiri kabla majirani hawajazoea binti dereva.

Tuncay akaja jikoni akijifanya anafuata maji.

"Nilisema vile ili wakubali kuja," alinong'ona. "Mama ana presha. Tuoane kwanza, mpenzi, halafu tutamzoesha taratibu."

"Na asipozoea?"

Tuncay akatazama sakafu. "Mwaka mmoja, miwili. Kwani tramu zitakimbia?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Yale maneno ya darasani kumbe yalikuwa ya wake za watu. Songül alitaka kulia, akauonea huruma wanja wake. Akarudisha kopo la chumvi rafuni.

Akapitisha sinia, wakubwa kwanza. Tuncay akapokea kikombe chake, akafumba macho, akagugumia, uso umeshajikaza kungoja chumvi ambayo haikuja.

"Mbona hukutia chumvi?"

"Chumvi ni ya kumpima mtu," Songül alisema mbele ya wote. "Wewe nimeshakupima jikoni."

Baba yake akanyanyuka taratibu, akaenda mlangoni kuvigeuza viatu vya wageni vielekee nje.

Simu ya Songül ililia wiki nzima. Hakupokea, ingawa alilala nayo kifuani.

Vuli ilipoingia, Tuncay akatokea tena Eminönü na semina mpya, skafu ileile shingoni. Wanafunzi walipanda. Yeye akabaki nje, akasogea kwenye dirisha la dereva. Songül alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akatazama kioo, akabonyeza kitufe cha milango. Safari hii alifuata kanuni.