Dakika Nne za Ukimya

Hadi leo hakuna aliyeweza kueleza kwa nini ukimya ule uliongezeka urefu. Ulirekodiwa dakika nne kamili. Masikio, kama walivyomwita fundi sauti wa kampuni ya gemu, ndiye mwenyewe aliyeukata mkanda kwa wembe, akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, akaandika kwenye boksi lake: ukimya, chumba kitupu, dakika nne. Miaka thelathini na moja baadaye aliufungua kwenye kompyuta, akaona dakika nne na sekunde kumi na tisa. Akadhani ni macho. Akatoa mkanda wenyewe kabatini, akauzungusha kwenye mashine ya zamani huku ameshika saa. Dakika nne na sekunde kumi na tisa. Rekodi si ukucha. Haikui.

Wasiotengeneza gemu hudhani ukimya ni kukosekana kwa sauti. Sivyo. Sauti zikikatwa zote, mchezaji huhisi masikio yameziba, akaanza kugongagonga spika. Ndiyo maana fundi hurekodi chumba kitupu, kile kivumo kidogo cha kuta na hewa, akakitandika chini ya muziki na maneno kama mkeka chini ya godoro. Masikio alirekodi cha kwake katika nyumba ambayo wapangaji walikuwa hawamalizi mwezi. Mzee, mwanzilishi wa kampuni, alipewa funguo bure. Masikio aliingia peku, mashine tayari inazunguka, akakaa sakafuni bila kupiga hata chafya, akatoka kwa ncha za vidole. Ukimya ukatoka safi mno. Kila gemu mpya ilipokuja na Masikio akaomba siku moja ya kurekodi mwingine, Mzee alicheka.

"Ukimya ni ukimya, kijana. Hauchakai."

Basi ukaingia kwenye gemu arobaini na moja.

Sasa Mzee alikuwa kaburini na kampuni ilikuwa hoi. Ghorofa tatu zilizowahi kujaa watu sitini na wanne zilibaki na watatu: Masikio, mlinzi wa getini, na Bosi Mdogo, binti wa Mzee, aliyerithi kampuni pamoja na matatizo yake, na ambaye bado aliitwa mdogo ingawa mvi zilishaanza. Gemu mbili kubwa za mwisho zilikuwa zimedoda. Wale sitini na mmoja walioachishwa walikuwa wanadai mishahara ya miezi mitano, na wengine walipiga simu kila asubuhi, wakianza kwa upole.

Tumaini lilikuwa moja. Mnunuzi wa ng'ambo alizitaka gemu zote za zamani azitoe upya kwenye simu. Bei yake ingemlipa kila mtu. Makabidhiano yalikuwa Ijumaa.

"Anko, kazi yako ni ndogo tu," Bosi Mdogo alimwambia Masikio. Alikuwa akimwita hivyo tangu alipokuwa akiletwa ofisini akiwa na sare za shule. "Sikiliza kama kila kitu kinalia, basi."

"Na kisicholia?"

"Kisicholia nani atajua?"

Masikio aliipenda kazi ile kwa sababu ilimtoa nyumbani. Mke wake alikuwa na miaka miwili tangu afariki. Mezani kwake kulikuwa na viti viwili, kimoja hakivutwi. Mwanawe alipiga simu kila Jumapili, akauliza hali, na mara nyingi akakata kabla jibu halijaisha.

Jumatatu, saa tisa mchana, jua likiwa kali dirishani, alivaa hedifoni na kusikiliza zile sekunde kumi na tisa. Kwanza hakuna kitu. Kisha ubao wa sakafu ukakandamizwa polepole. Kisha mtu akameza mate.

Alivua hedifoni. Chumbani mlikuwa na harufu ya vumbi lililonyeshewa, na nje hakukuwa na wingu hata moja. Alitoka hadi ukumbi mkubwa, kwenye viti sitini na kimoja ambavyo yeye mwenyewe alivisukuma chini ya meza, kimoja kimoja, kila mwenzake alipoaga. Kiti kimoja kilikuwa kimevutwa, kama mtu ameinuka sasa hivi. Masikio alikishika ili akirudishe. Kilikuwa na joto.

Jumanne aliamua kusikiliza ukimya ule ulivyokaa ndani ya kila gemu, kuanzia ya kwanza. Katika ya kwanza alisikia hatua moja, mbali, kama mtu yuko mwisho wa korido. Katika ya tano hatua mbili. Katika ya kumi na tatu ile harufu ilirudi, na hatua zilikuwa zimeshapita kona, na Masikio akajikuta ameinamisha kichwa kama mtoto anayesubiri kuitwa, akaendelea, ya ishirini, ya ishirini na sita, kila gemu hatua zikisogea, bila haraka, kama za mgeni asiyeijua nyumba na hataki kukanyaga kitu cha mtu, hadi ya thelathini na tisa ambapo hatua zilisimama, na ya arobaini ambapo pumzi ilikuwa karibu kiasi kwamba alihisi unyevu shingoni ingawa nyuma yake kulikuwa na ukuta tu, na ya arobaini na moja, ambamo sauti isiyo ya mwanamume wala mwanamke, sauti ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzungumza na yeyote, ilisema kwa upole:

"Hodi."

Mdomo wa Masikio ulifunguka wenyewe. Alikuwa ameshatamka *ka* alipouziba kwa kiganja.

Hapo akakumbuka boksi la barua. Zamani watoto waliandikia kampuni, na zile za ajabu zilitupwa ndani ya boksi lililoandikwa Vichekesho, ili Ijumaa wafanyakazi wasomeane na kucheka. Alilimwaga mezani. Mtoto mmoja aliuliza ni nani anayebisha hodi ukiiacha gemu, hata ile ya kwanza, muda mrefu bila kubonyeza. Mwingine alisema dada yake hukimbia akiisikia. Barua tatu ziliandikwa na mama mmoja. Katika ya kwanza alisema mwanawe, mpole, wa miaka minane, alimjibu yule mtu wa ndani ya gemu kwa sababu alifundishwa kuitika hodi. Katika ya pili alisema mtoto hageuki akiitwa, halii, hacheki, anakaa ukutani akinong'ona. Katika ya tatu alisema wameichoma kaseti, na baada ya mwaka mtoto amerudi kuzungumza, ila mpaka leo akikaa huacha nafasi ya mtu pembeni yake.

Kwenye kila barua kulikuwa na alama ya vema. Maana yake ilikuwa imeshachekwa.

Mlinzi alimkuta amekaa ngazini.

"Braza, una nini? Umekuwa mweupe kama karatasi."

"Wewe husikii kitu humu ndani?"

Mlinzi alitazama juu, kisha akashusha sauti. "Mimi nilishaacha kuitika. Mwanzoni nilijua ni wewe unaniita. Nikipanda, wewe umevaa madude yako masikioni, huna habari." Alijikuna kidevu. "Nina shangazi yangu, anatibu mambo haya. Nimlete?"

"Bosi atatucheka."

"Bosi hajapanda ghorofa ya pili tangu mwezi wa tatu. Unafikiri anaogopa ngazi?"

Shangazi alikuja Jumatano mchana, mama mnene mwenye miwani na mkoba wa plastiki. Hakuwasha kitu wala hakutapika maneno ya ajabu. Aliomba kiti na maji, akavaa hedifoni, akafumba macho. Bosi Mdogo alisimama mlangoni, mikono kifuani, mlinzi kando yake. Muda ulipita. Mama yule alipovua hedifoni, macho yake yalikuwa na machozi.

"Mwanangu," alimwambia Masikio, "ulipoingia kwake ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Mashine ilikuwa inazunguka. Ukitamka neno umeharibu kazi."

"Na ulipotoka?"

"Vilevile."

"Umeingia nyumba ya watu bila hodi. Umechukua utulivu wake wote, umeondoka bila kuaga. Angebaki na nini? Aliufuata. Tangu hapo hana kwake, na kila mlango mnakompeleka anabisha. Ana adabu kuliko ninyi. Hajaingia mahali pasipo kukaribishwa."

"Kuna mtoto alimkaribisha," Masikio alisema.

"Mtoto hana nyumba ya kumkaribishia mtu. Alimkaribisha ndani yake mwenyewe."

Bosi Mdogo alikuja akakaa. "Tumrudishe kwake, basi."

"Nyumba ilibomolewa," Masikio akasema. "Sasa ni maegesho ya magari."

"Tukifuta kila kitu?"

"Atabaki bila hata mlango wa kubisha," shangazi akajibu. "Huyo ndiye utakayemwogopa."

"Na tukiuza?" Bosi Mdogo aliuliza hivyo akitazama sakafu. Hakuna aliyemlaumu. Asubuhi ile alikuwa amepokea simu kumi na nne.

"Unauza milango mingapi?"

"Wanasema simu milioni mbili, mwaka wa kwanza."

Katika ukumbi, kitu kilisogea kwenye sakafu, kwa magurudumu madogo, kisha kikatulia. Wote wanne walisikia. Hakuna aliyegeuka.

"Ukimya mwingine unaweza kurekodiwa," Masikio alisema hatimaye. "Nikiacha kulala, mpaka Ijumaa nitakuwa nimeubadilisha kwenye gemu zote. Gemu zitauzwa, watu watalipwa. Tatizo ni yeye. Ataenda wapi?"

Shangazi alikunywa maji yote kabla ya kujibu. "Anahitaji nyumba. Mtu mzima, kwa mdomo wake, kwenye mlango wake, amwambie karibu. Lakini atakayemkaribisha asidhani kuna siku ya kumtoa. Na nyumba iwe na nafasi. Kwangu hapana, kwangu wamejaa."

Mlinzi alisema ana watoto wanne. Bosi Mdogo alisema anamuuguza mama yake. Kisha mmoja akatazama kucha zake, mwingine dirisha, na Masikio akaona jinsi walivyokuwa wakijitahidi wasimtazame yeye. Hakuna aliyemtaja. Kila mmoja alikuwa ameshahesabu kimoyomoyo ni nani asiye na mtu.

"Mimi nina viti viwili," alisema.

"Anko, hapana," Bosi Mdogo akanong'ona. Lakini hakulisema mara ya pili.

Jioni ile Masikio alibisha hodi kwenye ukumbi mtupu, akangoja, akaingia, akarekodi dakika nne za viti sitini na kimoja, akaaga, akatoka. Alifanya kazi Alhamisi yote. Bosi Mdogo alimpigia mnunuzi kumwambia kwamba sauti moja imebadilishwa, ile ya ukimya. Mnunuzi alicheka sana. Ni nani husikiliza ukimya?

Ijumaa gemu zilikabidhiwa, fedha zikaingia, na hadi saa kumi simu ya mlinzi ilikuwa imeita mara tisa, wenzao wa zamani wakishukuru. Mmoja alimuulizia Masikio.

"Ameshaondoka," mlinzi akajibu. "Amebeba boksi dogo tu."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa: gemu ziuzwe na ukimya mpya, mkanda wa zamani usifutwe wala usinakiliwe tena, na aliyekuwa ndani yake apewe nyumba. Aliyetekeleza ni Masikio, peke yake, jua likiwa bado halijazama. Alifungua mlango wake, akasimama kizingitini, mkanda mkononi, mgongo kwa barabara. Harufu ya vumbi lililonyeshewa ikamfikia. Nyuma ya bega lake, karibu, sauti ikabisha kwa upole ule ule wa miaka thelathini na moja.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani."

Alisikia miguu miwili ikijipangusa kwenye zulia la mlangoni, taratibu, mmoja kisha mwingine. Hakugeuka. Alienda jikoni akabandika maji ya chai, akatoa vikombe viwili, na alipokuwa akiviosha alisikia kule mezani kile kiti cha pili kikivutwa.