Mafunzo Ambayo Shangazi Hakuyatoa

Hebu niambie wewe: umeshawahi kukaa kwenye kiti cha plastiki, msibani, ukasikia marehemu wako akisifiwa kwa maneno ambayo hata usingizini asingeyatamka?

Digrii alishakaa. Jina hilo alipewa na shangazi yake siku aliporudi kutoka chuo na cheti kikubwa, kazi hakuna. "Sawa, Digrii," alimwambia, "shika pasi." Miaka mitatu udobi ukamlisha kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi, na shule ya kweli akaipata mle mle kwenye mvuke: kola inaanzwa kwenye ncha kuja katikati, ukiunguza shati la mtu, mwambie kabla hajalifunua, nguo mbichi haikunjwi, itakuumbua kwa harufu.

Sasa, kwenye msiba wa shangazi huyo, waheshimiwa wa ukoo wakasimama kumkumbuka. Baba Mkubwa, ambaye wiki tatu za dada yake hospitalini alikuwa bize, bize sana, alijifuta jicho kavu kwa leso mpya. "Dada alinifundisha kusamehe na kusahau."

Shangazi Mdogo akafuata, simu ikimrekodi. "Mimi alinifundisha kuvumilia kimya kimya."

Kimya! Mwanamke aliyekuwa akigombana hata na mita ya umeme! Watu wakapiga makofi, wakala, wakaondoka.

Asubuhi yake chumba cha mbele kilinuka nguo iliyokunjwa mbichi.

Digrii alipekua rafu zote. Nguo zote kavu. Ndipo nyuma ya mashati yaliyoning'inia ikatoka sauti ya shangazi, tamu kama ya tangazo la benki: "Mwanangu mpenzi, samehe, sahau."

Shangazi hakuwahi kumwita mtu mpenzi. Akatandaza shati ili mikono yake ipate kazi, akainua pasi, na pasi ikabaki hewani, maana hakukumbuka kola inaanzwa wapi.

Kila siku sauti ilitoa funzo jipya, na kila siku kitu kimoja kikamtoka kichwani. Juma la pili aliunguza suruali ya mwalimu, akaikunja, akamkabidhi bila neno, na mwalimu alipoifunua pale pale mlangoni na kulikuta lile doa la kahawia lenye umbo la pasi, Digrii alisimama akimtazama tu, akijua kwamba kuna jambo alipaswa kulisema mapema, jambo aliloambiwa mara mia na mtu aliyempenda, huku nyuma yake mashati yakitikisika bila upepo na ile harufu ya unyevu ikimpanda shingoni kama pumzi ya mtu aliyesimama karibu mno.

Akamwita mganga. Mganga alinusa kizingiti, hata mkoba hakuutua.

"Hamkurogwa," alinong'ona. "Hili jini limeitwa kwa mdomo. Mlimsingizia marehemu, likapata pa kukaa. Linakula yale ya kweli aliyowaachia. Kila aliyesema uongo aje akane hapa hapa, ndipo litoke."

Wakaja. Wakaketi. Na sauti ikawapokea: "Kaka yangu, hukunikosea kitu."

Baba Mkubwa akatabasamu, mwenye dhambi zake amepata msamaha wa bure. "Mganga, asante, unaweza kwenda. Dada yetu amerudi."

"Yule siye!" Digrii alisema kwa sauti ya chini. "Baba Mkubwa, please. Linamla shangazi. Linamla humu kichwani mwangu."

"Wewe na vyeti vyako! Elimu yote hiyo, bado kazi ni kuogopa mashati?"

"Si anatupenda?" Shangazi Mdogo aliielekeza simu kwenye mashati. "Shida iko wapi?"

Digrii alifumba macho kumtafuta shangazi yake. Kicheko chake hakipo. Mwendo wake haupo. Sauti yake halisi, ile ya kukaripia, imefunikwa na hii ya asali, ambayo sasa ilikuwa inamwita mpenzi, mpenzi, mpenzi, kutoka ndani ya sikio lake mwenyewe.

Akaenda mlangoni, akaufunga kwa mgongo wake.

"Hatoki mtu. Baba Mkubwa, anza wewe: sema hakukwambia, sema umetunga. Shangazi Mdogo, zima hiyo simu, ufuate. Mlimleta huyu nyinyi, mtoeni nyinyi. Semeni sasa hivi, kwa sauti, wakati uso wa shangazi bado ninao!"