Kamera ya Mama Tulia Yakatiwa Bima

Mke wangu anapiga pasi mashuka ya hospitali. Kazi hiyo ameifanya miaka kumi na tisa. Kuanzia saa moja asubuhi anakunja vitu vyeupe, anapanga vitu vyeupe. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko chini ya ghorofa tunayoishi, na siku yangu haikosi vicheko. Siku yake ni ya kimya.

Watoto wetu walipoondoka kwenda kujitegemea, nyumba ilipoa. Mke wangu akawa mtu wa kukaa tu. Nikimuuliza lolote, jibu lake ni "sawa". Twende matembezini? Sawa. Tusiende? Sawa. Mwanamke niliyemwoa hakuwa hivyo. Yule alikuwa na maneno! Ndipo watoto wakachanga, wakamnunulia kamera. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa nzuri, na lenzi zake mbili.

Basi mke wangu akafufuka. Kila siku ya mapumziko yuko nje, kamera shingoni. Anampiga picha mshona viatu, fundi baiskeli, bibi wa ng'ambo ya barabara aliyeketi dirishani.

"Kazini naona weupe mtupu," aliniambia. "Nikitoka nataka kuona nyuso za watu."

Kabla ya kubofya husema, "Tulia hapo hapo!" Mtaa mzima ukamwita Mama Tulia. Wageni hudhani tuna binti anayeitwa Tulia. Hatuna. Na wala halipwi. Picha anawapa watu bure, naye anarudi nyumbani akiimba.

Mimi nilifurahi, lakini moyoni nilikuwa na hofu. Kamera ikiibwa je? Ikivunjika je? Mke wangu angerudi kwenye kimya chake, na sikutaka kumpoteza mara ya pili. Hofu hiyo ndiyo iliyonitia ujinga.

Siku moja tulikuwa tunakwenda kwenye mazishi ya shangazi yangu. Safari ya siku tatu.

"Kamera tuiache," nilimwambia. "Njiani kuna wezi."

"Na nyumbani hakuna?"

"Nyumbani niachie mimi."

Marehemu mama yangu alikuwa akificha kila kitu cha thamani kwenye pipa la unga. Hakuibiwa hata siku moja. Nami nikaifunga kamera kwa kitambaa, pamoja na lenzi zake, nikazizika ndani ya unga na kufunika. Nikajiona mjanja kweli.

Tuliporudi, nikaifukua. Mke wangu alipozungusha lenzi, ikalia krr, krr, kama meno yanayotafuna mchanga. Akanitazama.

"Baba watoto, kamera yangu ulikuwa umeiweka wapi?"

"Mahali salama."

"Wapi?"

"Kwenye unga."

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha kicheko kikageuka machozi. Afadhali angenigombeza.

Fundi wa kamera aliisafisha siku mbili kwa brashi ndogo. "Nimewahi kutoa mchanga, maji, hata sisimizi," alisema. "Unga ndiyo mara ya kwanza." Kamera ikapona. Lenzi moja haikupona.

Tangu hapo mke wangu akaacha kuitoa nje. Akaifungia kabatini. Siku ya mapumziko nikamuuliza kama atatoka. "Sawa," akasema, akabaki palepale kwenye kiti.

Nina mteja mmoja, wakala wa bima. Tunamwita Kipara. Kichwani hana kazi ya kunipa. Huja kunyolewa ndevu na kupiga soga.

"Kinyozi, leo umenuna," alisema. "Kulikoni?"

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye unga, ilibidi niuondoe wembe shavuni mwake, maana alicheka hadi kiti kikatikisika.

"Pole sana," alisema mwishowe, akifuta macho. "Sasa, kamera hiyo ina bima?"

"Bima si ya magari na matajiri?"

"Nani kakudanganya? Bima ni kuchangiana. Watu wengi wanatoa kidogo kidogo kila mwaka. Mmoja akipata hasara, anainuliwa kwa mchango wa wote. Hata kamera inakatiwa bima."

"Kwa hiyo mngenilipa lenzi yangu?"

"Iliyozikwa kwenye unga? Thubutu! Bima inalipa ajali na wizi. Hailipi utunzaji mbaya, wala kitu ulichokiharibu kwa kusudi. Hilo likumbuke."

Jioni Kipara alipanda kwetu na karatasi zake. Mke wangu alimkaribisha, lakini alikuwa na mashaka.

"Shemeji, mimi si mpiga picha wa kazi. Hiki ni kitu cha kujifurahisha tu."

"Ndiyo maana nimeleta fomu hii, shemeji. Ni ya watu kama wewe. Hebu niambie, umewahi kulipwa kwa picha?"

Mke wangu akafikiri. "Mara moja niliachiwa mayai sita mlangoni."

"Mayai ni shukrani," Kipara akacheka. "Lakini siku ukianza kupokea malipo, njoo uniambie. Bima ya kujifurahisha hailindi kazi ya kulipwa. Ukinificha, siku ya hasara utalia."

Kisha akaomba risiti. Watoto walikuwa wameitunza, wakatutumia picha yake kwa simu. Akaandika namba iliyochongwa chini ya kamera, na ile ya lenzi iliyobaki. Akaomba na picha ya kamera yenyewe. Hapo tukatazamana. Mke wangu alikuwa na picha za nusu ya mtaa, lakini ya kamera hakuwa nayo hata moja. Tukaipiga kwa simu yangu, mke wangu akiwa ameishika, nami nikapata nafasi ya kumwambia yeye atulie.

"Someni hati hii kabla ya kutia sahihi," Kipara alisema. "Tazameni mambo matatu. Kamera inalindwa ikiwa nje ya nyumba? Hii inalindwa. Kuna bima za nyumba ambazo haziendi nje ya mlango. Pili, ni wizi gani haulipwi? Ukiiacha peke yake ndani ya gari, imekula kwako. Na tatu, kila hasara kuna sehemu mtakayobeba wenyewe. Bima haibebi yote."

Mke wangu alisoma ukurasa baada ya ukurasa, kidole kikifuata mistari. Mimi nilitaka tusaini upesi tupumzike. Akanipiga jicho, nikanyamaza. Ada ya mwaka ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Akatia sahihi.

Kesho yake akatoka na kamera. Nilimsikia kutoka kibandani, yuko ng'ambo ya barabara, anamwamuru fundi baiskeli ainue kidevu. Nilikaribia kumkata mteja sikio kwa furaha.

Miezi mitano ikapita. Jirani wa ghorofa ya tatu aliomba picha ya mwanawe. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mke wangu akachagua ngazini, kwa sababu pale kuna dirisha na mwanga ni mzuri. Aliuvua mkanda shingoni ili ainame vizuri. Kamera akaishika kwa mikono miwili.

Mtoto akauponyoka mkono wa mama yake. Hatua moja, hatua ya pili, moja kwa moja kuelekea kwenye ngazi. Mke wangu ndiye aliyekuwa karibu. Akaiachia kamera, akamdaka mtoto kwa shati, mguu mmoja tayari uko hewani. Kamera ikashuka ngazi kumi na moja.

Mimi nilisikia mshindo, nikapanda mbio na wembe mkononi. Nilimkuta mke wangu ameketi sakafuni, mtoto kifuani, wote wawili wanalia.

"Mzima," aliniambia. "Mtoto mzima."

Tulimpigia Kipara siku ileile. "Msitupe kipande hata kimoja," alisema. "Msiipeleke kwa fundi kabla mkaguzi wa bima hajaiona. Nakuja na fomu."

Fomu iliuliza: Eleza jinsi hasara ilivyotokea. Mke wangu akachukua kalamu. Nikasoma begani kwake. Neno la kwanza lilikuwa "Niliiachia".

Nikaushika mkono wake. "Mama watoto, ngoja! Andika iliniponyoka. Umesahau? Bima hailipi kitu ulichokiharibu kwa kusudi."

"Haikuniponyoka."

"Ni neno moja tu! Nani atajua?"

"Mume wangu, nilikuwa na mikono miwili, na vitu viwili vya kushika. Nikachagua. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

"Na wakikataa kulipa?"

Niliona anaogopa pia. "Wakikataa, basi," alisema, akaandika:

"Niliiachia kamera kwa mikono yangu mwenyewe. Mtoto alikuwa anaanguka ngazini. Singeweza kumdaka nikiwa nimeishika. Kamera ilianguka ikavunjika. Mtoto hakuumia."

Akatia sahihi. Nilimwonea fahari, na papo hapo nilitaka kuichana ile karatasi.

Mkaguzi alikuja, mama mmoja mwenye miwani na futi ya kupimia. Alipima ngazi, akatazama vipande, akapanda kuzungumza na jirani. Hakutuambia lolote. Tukangoja wiki mbili. Kila simu ilipolia, niliruka na wembe mkononi. Siku hizo wateja wangu niliwanyoa kwa mashine tu, kwa usalama wao.

Ndipo Kipara akaja na barua. Alipita kibandani bila kusimama, akapanda moja kwa moja kwa mke wangu. Nilimwacha mteja na povu usoni, nikamfuata.

"Shemeji," alisema, "wamekubali kulipa."

Mke wangu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Lakini aliandika kwamba aliiachia!" nilisema.

"Ndiyo. Kuharibu kwa kusudi ni kuvunja kitu wakati hukulazimika. Kumwokoa mtu asianguke ni jambo jingine kabisa. Barua imesema hivyo." Kisha akanigeukia. "Na nikwambie kitu, Kinyozi. Mkaguzi alimuuliza mama wa mtoto. Yule mama alieleza vilevile, neno kwa neno: aliiachia kamera, akamdaka mwanangu. Kama fomu ingesema iliniponyoka, maneno yangepingana. Uongo mdogo tu, na wangekataa dai lote."

Nilitafuta pa kutazama, nikakosa. Mara mbili nilitaka kuilinda furaha ya mke wangu, na mara mbili karibu niiharibu mwenyewe. Nikamwomba msamaha mbele ya Kipara.

"Umesamehewa," mke wangu alisema. "Ila fomu zote za nyumba hii nitajaza mimi."

Sehemu yetu ya hasara tuliibeba wenyewe, kama hati ilivyosema. Kamera nyingine ikanunuliwa. Siku ileile mke wangu alimpelekea Kipara risiti na namba mpya, maana namba ya zamani haiwezi kulinda kamera mpya. Sasa yuko nje tena kila siku ya mapumziko, na akirudi ananisimulia habari za watu mpaka chai inapoa.

Juma lililopita jirani wa ghorofa ya tatu alibisha hodi, mwanawe mgongoni. Nilidhani amekuja kudai picha yake. Kumbe aliomba nakala ya ile fomu ya hasara, yenye maneno ya mke wangu. Mke wangu akampa. Ameiweka katika bahasha moja na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe.

"Akijua kusoma," alisema, "nitampa asome."