Nyasi Zilizofagiliwa Mapema

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kufagia. Gaudiosus, mhadhiri wa saikolojia aliyerudi kijijini kwao Bugomora mwaka 1991 kumzika mkewe, alizoa nyasi walizolalia waombolezaji sebuleni. Matanga hayakuwa yameisha, na kwa mila nyasi hizo huondolewa na mkubwa wa ukoo siku ya mwisho. Alisema zina viroboto. Akazichoma nyuma ya migomba, waombolezaji wakaondoka mmoja mmoja.

Kesho yake mchana, shemeji yake Dafroza, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akilea kichanga alichoacha dada yake, aliacha kula.

"Shemeji, kuna mtu anajigeuza pale. Juu ya nyasi."

"Nyasi zipi?"

Sakafu ilikuwa saruji tupu.

"Nasikia zinavunjika."

Chuoni Gaudiosus aliwafundisha wanafunzi kwamba mwenye hofu husikilizwa kwanza, ndipo huulizwa. Lakini yeye akamcheka Dafroza. "Darasa la saba umemaliza, akili umeiacha kwenye dawati."

"Nicheke tu. Naenda na mtoto kwa mama, kule Nkwenda. Humu kuna jini."

"Mtoto ni wangu. Hatalelewa na washamba wa kumvisha hirizi."

"Basi mwambie huyo aliyelala hapo kwamba ni wako."

Gaudiosus akamchukua mtoto, akamtoa Dafroza nje, akafunga mlango ili ujinga huo uishe siku hiyo hiyo.

Mvua ikaanza. Harufu ya nyasi zilizokatwa ikapanda, naye akasema moyoni kwamba inatoka shambani, kisha akaona madirisha yote yamefungwa, kisha akasikia kitu kikijigeuza polepole, nyasi zikivunjika chini ya ubavu mmoja, halafu chini ya mwingine, kama ajigeuzavyo mzazi mwenye maumivu, na mtoto, ambaye shingo yake ilikuwa haijakaza, akaigeuza kuelekea pale pasipo na kitu, akaanza kufyonza midomo.

"Nipe," ikasema sauti ya mkewe. "Ana njaa."

Maelezo alikuwa nayo. Huzuni hutengeneza sauti. Lakini mtoto hakuwa akiomboleza mtu.

Asubuhi alimfuata Dafroza kwa jirani alikolala, akamfunga mtoto mgongoni mwake, akawasindikiza hadi barabarani huku akimweleza aliyoyasikia, akawapandisha pikapu ya Nkwenda.

"Na wewe, shemeji?" Dafroza alinong'ona. "Si yeye yule. Ni kitu kinachotumia sauti yake."

"Najua."

Akarudi nyumbani, akavua viatu, akalala juu ya saruji, pale nyasi zilipovunjika, aisikie tena sauti ile.