Msemaji wa Mfalme Mkavu

Asubuhi ile ilianza kama nyingine zote. Tulimbeba mfalme hadi uwanjani, tukamkalisha juani, nami nikaanza kumpungia inzi. Alikuwa amekufa miaka arobaini iliyopita, mwili wake ukakaushwa. Kwetu Kusko, mji wa milimani, mfalme akifa mali haihami: mashamba ni yake, mifugo ni yake, sisi watumishi ni wake. Ukoo wake ndio unaokula. Niliwachukia kupita kiasi.

Aliyemsemea alikuwa Rimachi, mkubwa wa ukoo huo, mwenye masikio yaliyotanuliwa kwa vipuli vya dhahabu. Mfalme akitaka pombe ya mahindi, Rimachi anasema, Rimachi anakunywa. Mchana huo alimsogezea maiti sikio, akaitikia kwa kichwa, akainuka.

"Mfalme ana upweke," alisema. "Anamtaka Sulka akamhudumie huko aliko."

Sulka ni mdogo wangu. Alikuwa na miaka tisa. Tulijua maana yake: angeleweshwa, kisha kamba shingoni.

Mama alikuwa na mtungi mgongoni, maana mtu wa chini hasimami mbele ya mfalme bila mzigo. Aliubwaga chini, ukapasuka.

"We mama, una wazimu?" Rimachi alifoka. "Sema na mimi!"

"Na wewe sina neno, mlafi mkubwa."

Akampita. Akapiga magoti mbele ya maiti, akanong'ona, "Baba, ni wewe uliyemwomba mwanangu?"

Inzi wakaondoka. Wote, mara moja.

Rimachi alifungua kinywa amkaripie. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee. Kavu.

"Sikumwomba. Ninaomba kuzikwa. Kila siku. Huyu ananisikia."

Rimachi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti ikaendelea. "Nizikeni." Rimachi akaanguka. Akakata roho. Kinywa chake kikawa bado kinasema.

Mama alimshika Sulka mkono wakaenda nyumbani, na hakuna aliyethubutu kuwazuia. Nilidhani tungechimba kaburi siku hiyo hiyo. Wapi! Mfalme akizikwa, ukoo utakula nini? Jua halijazama walishateua msemaji mpya, naye akatangaza kwamba mfalme amefurahi, aongezewe pombe.

Kesho yake nilikwenda kumvisha mfalme. Chini ya kiti chake sakafu ya udongo ilikuwa imechimbwa, shimo la kina cha mkono mzima. Kucha zake zilikuwa zimevunjika.

Wa ukoo waliniamuru nilifukie. Niliwaambia wafukie wenyewe.